Harusi Nisiyoipika

Nimepika harusi za watu tangu nina miaka kumi na saba. Harusi mimi siijui kama mgeni anayekuja, akala, akaondoka na kikopo chake cha halwa. Naijua kwa mlango wa nyuma. Naijua saa ambayo mama wa bwana harusi huingia jikoni kutazama kama wali umeshikana, naijua na sura ya shangazi aliyenyimwa kiti cha mbele. Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Ufaransa, Ijumaa moja asubuhi, nikiwa nachambua mchele wa watu, nilidhani anatania.

"Dada, umekaa?"

"Nimesimama. Sema."

"Sisi tumeamua. Hatutofanya harusi. Tutaandikiana."

"Mtaandikiana nini?"

Akanieleza. Huko kuna mkataba wa watu wawili. Wanakwenda ofisi ya meya wa mji, wanatia saini kwamba wanaishi pamoja na watasaidiana, wanarudi kazini. Hakuna kadhi, hakuna padri, hakuna shahidi, wala hakuna anayeuliza baba yako nani. Wenyewe wanauita paks. Wafaransa wengi siku hizi wanafanya huo, ndoa wanaiacha.

"Na mkigombana?"

"Mmoja anaandika barua, umekwisha."

"Barua!"

"Dada, talaka ya kwetu haitaki hata barua."

Akacheka. Mimi niliuweka ungo chini.

Wazee wetu walikufa siku moja, njiani wakirudi kutoka Sohar. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, ndugu yetu wa kiume ana kumi, na huyu mdogo hata kutembea alikuwa hajaanza. Nyumba ya Mabela, pembeni mwa Maskati, baba alikuwa amemaliza kuijenga mwaka ule ule. Wakati huo Mabela nyumba zilikuwa mojamoja, katikati ni mchanga na mbuzi wa watu. Hitma ilipokwisha, Ami yetu, ndugu mkubwa wa baba, alikuja kutoka kwake Qurum na mpango alioupanga peke yake. Mvulana atakaa kwake, mtoto atapelekwa kwa shangazi Salala, kusini kabisa, mimi nitafutiwe mume. Nilikaa nikamsikiliza mpaka mwisho, halafu nikamwambia hapana, hatugawanywi. Sijui nilizipata wapi nguvu. Jirani yetu, mzee aliyekuwa dereva wa serikali, alikuwa amekaa mlangoni na watu wengine wa msiba. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Waacheni hapa. Mimi na mke wangu tupo, ukuta kwa ukuta."

Ndivyo tulivyobaki. Shule niliiacha. Mwalimu alikuja mara mbili kuniomba nirudi, mara zote mbili akanikuta na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Nilianza na sambusa za Ramadhani, nikaja kwenye biriani, mwisho masinia ya harusi. Ami alikuwa akija Idi kwa Idi na katoni ya machungwa, anakaa ukingoni mwa kiti, anauliza kama tunasali, anaondoka.

Ndugu yangu alisoma, akapata kazi bandarini Sohar. Mdogo alisoma zaidi. Alikwenda Ufaransa kujifunza kusafisha maji ya bahari yanyweke, akamaliza, akapata kazi huko huko. Na miaka yote hiyo mimi nilikuwa na sanduku chini ya kitanda changu. Ndani mlikuwa na kidani cha mama, kanga doti kwa doti, mashuka niliyotarizi mwenyewe mwezi wa Ramadhani biashara inapotulia, na udi mzuri uliofungwa kwenye kitambaa. Kila harusi niliyoipika nilichukua kitu kimoja cha kuiga. Kwa huyu niliona namna walivyopanga maua, kwa yule namna walivyowapokea wageni kwa maji ya waridi. Harusi ya mdogo wangu nilikuwa nimeshaimaliza kichwani, imebaki siku tu.

Huyo mwenziwe nilikuwa namjua kwa simu. Ni Mngazija, Muislamu, amezaliwa Marseille, anaendesha tramu. Kiswahili chake kinakwenda polepole, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa maji. Kwao nako kuna harusi kubwa. Mwanamume analisha mji mzima, na asiyeifanya hahesabiwi mtu katika kikao cha wanaume hata awe na mvi. Alimwona baba yake akiihangaikia harusi ile nusu ya umri wake. Akasema yeye hapana.

"Kumbe mmekutana wakimbizi wawili wa harusi," nilimwambia mdogo wangu siku ile.

"Ndiyo hasa, dada. Na wote wawili tunapenda biriani yako."

"Biriani yangu ni ya harusi."

Hapo sauti yake ikabadilika. "Harusi ya nani, dada? Nieleze. Ami atakaa mbele, amevaa joho lake la bishti. Atashika mkono wa mume, atasema nimekuozesha binti wa ndugu yangu. Watu watampongeza, watasema kalea yatima. Wewe utakuwa wapi saa hiyo?"

Niliuvuta ungo, nikaanza tena kuchambua mchele.

"Jikoni," akajijibu. "Utakuwa jikoni, unatazama kama wali umeshikana."

Ilikuwa kweli, na aliyejiweka jikoni ni mimi mwenyewe. Katika kuiwaza harusi ile miaka yote, sijawahi kujiona pahala pengine.

"Na nikaha?" nikamuuliza.

"Nikaha nnaitaka. Nimemuuliza imamu wa msikiti wa hapa, kasema litumwe tu neno la walii wa kuniozesha, hata kwa maandishi. Walii ni Ami. Ukilipata kwake bila ya ukumbi na kadi na makelele, lete. Mimi sitomwomba."

Nilimwambia niliyokuwa nayo juu ya watu kuishi nyumba moja bila nikaha. Niliyasema kwa ukali, na kwa dini ninayoijua. Alisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza. Niliyasema mara moja. Sikumrudia tena, na hapa pia sirudii.

Kisha akaniomba vitu viwili. Cha kwanza karatasi. Ofisi ya huko ilitaka ithibati kutoka kwetu kwamba hajaolewa, na karatasi hiyo inatolewa Maskati, kwa mtu wa nyumbani kwenda na wanaume wawili wazima wanaomjua, washuhudie mbele ya karani. Cha pili ni radhi yangu.

"Kwa baba na mama nimechelewa," akasema. "Radhi yangu mimi iko kwako."

Nilimwambia karatasi nitaitazama, radhi asubiri.

Wiki nzima nilikaa na jambo lile. Bila karatasi hakuna kutia saini, na karatasi iko mkononi mwangu. Sitojisingizia uzuri. Niliwaza kuizuia. Niliwaza nimwambie njoo kwanza, ufanyiwe harusi kama watu, halafu ukaandikiane huko na meya wako mpaka mchoke. Nilitoa sanduku, nikakunjua mashuka, nikayakunja tena. Yeye hakunipigia hata mara moja kunibembeleza. Nilimjua. Nimemlea mimi, na ushupavu ule kautoa kwangu.

Halafu nikafanya kosa la mtu mwenye adabu. Mashahidi wawili ningeweza kuwapata bila ya Ami, lakini niliona si vizuri jambo la mtoto wa kike likapita pembeni ya walii wake. Nikapika halwa, nikaiweka kwenye bakuli la udongo, nikawasha gari nikaenda Qurum.

Ami alinipokea vizuri. Kazeeka sasa, magoti yanamsumbua. Tulikunywa kahawa, tukaulizana hali mara tatu tatu kama ilivyo kawaida, ndipo nikamweleza. Nilimwambia kuhusu karatasi, na kuhusu neno la kumtumia imamu.

"Neno nitalitoa," akasema. "Mimi ndiye walii, nani mwingine? Lakini posa ije kwangu. Ukumbi uwe hapa Qurum, kadi ziandikwe jina langu. Watu wajue."

"Wajue nini, Ami?"

"Kama sikuwatupa."

Alilisema wazi vile, mzee wa watu, na nusura nimwonee huruma. Kama angeishia hapo, labda ningerudi nyumbani nikampigia mdogo wangu nimwombe avumilie.

"Hataki ukumbi," nikasema.

"Basi mzuilie karatasi." Alichovya kijiko kwenye halwa yangu. "Wewe unayo, yeye anaitaka. Mwache akae na shida yake. Mwezi mmoja, miwili, atakuja mwenyewe na kupiga magoti. Mtoto wa kike huvutwa kwa kile anachokihitaji."

Nilitazama kile kijiko. Maneno yale yalikuwa yangu, nimeyabeba wiki nzima kifuani nikiyaita mapenzi ya dada. Kwa nje, katika kinywa cha mtu mwingine, niliyasikia yalivyo. Na nilikumbuka kwamba mtu huyu huyu alitaka kumpeleka mtoto yule Salala, akiwa hata hajatembea, na mimi ndiye niliyesema hatugawanywi.

"Ami," nikasema, "mwanangu hapigi magoti ila kwa Mola wake. Kula halwa, isikauke."

"Mwanao?"

"Mwanangu."

Nikambusu mkono, nikaondoka. Nilipofika kwenye gari, kabla sijafunga mkanda, nilimpigia ndugu yangu Sohar. "Kesho chukua ruhusa. Njoo na kitambulisho chako." Hakuuliza kwa nini. Ndiyo faida ya kumfundisha mtu kufunga viatu vyake. Shahidi wa pili nilijua ni nani.

Yule mzee jirani alitoka asubuhi na kilemba chake cha Idi na fimbo yake nyembamba, amejitia mafuta ya udi mpaka gari zima likanuka harusi. Mkewe alitusindikiza mpaka getini. "Usiropoke ropoke mbele ya serikali," akamwambia.

"Nimeiendesha serikali miaka thelathini," mzee akajibu. "Imezoea."

Karani alikuwa kijana mpole, hana haraka. Alisoma maombi, akamwandika ndugu yangu, akamgeukia mzee kwa Kiarabu: unamjua mwombaji?

"Namjua. Dada yake huyu hapa alikuwa anamrusha juu ya ukuta nimdake, akitaka kwenda sokoni."

Karani akajizuia kucheka. "Unashuhudia kwamba hajaolewa?"

"Hajaolewa. Angeolewa, mimi ningekuwa nimeshakula biriani. Sijala."

"Na walii wake yuko wapi?"

Swali lile lilikuwa langu. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza na sikuiondoa. "Walii wake yupo hai, Alhamdulillahi, yuko Qurum. Karatasi hii haisemi anaolewa. Inasema hajaolewa. Na hilo tunalijua sisi tuliokaa naye."

Kijana alinitazama kidogo, akatazama tena maombi, akapiga muhuri. Tuliipeleka Ruwi siku ile ile ikafasiriwe kwa Kifaransa. Mfasiri alinisomea nilipomwomba, kwa sauti, ingawa sikuelewa hata neno. Nilitaka tu kusikia jina la baba yangu linavyosemwa katika lugha ile. Linasemeka.

Karatasi niliituma bila sharti lolote. Niliandika ujumbe mfupi: imo njiani. Akanijibu: na lile la pili? Nikamwambia radhi haitumwi kwa posta, ije ichukuliwe.

Siku ya kutia saini walinionyesha kwenye simu, nikaisimamisha kwenye kopo la hiliki. Chumba kidogo, meza, bendera pembeni, mwanamke mmoja amevaa miwani shingoni. Mdogo wangu amevaa gauni la buluu na mtandio, na shingoni kidani cha mama. Kidani nilikituma na msafiri bila kumwambia, nilitaka akione tu. Yule mwanamke aliwauliza kama wameusoma mkataba. Wakasema ndiyo. Wakatia saini. Nilikuwa bado nasubiri waanze, kumbe wamemaliza. Mchuzi wangu haukupata hata kuchemka.

"Ndiyo hivyo tu?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo, dada."

Shemegi akaingiza uso wake kwenye simu, macho yamemlowa. Mwanamume mzima, anaendesha tramu. "Dada," akasema, "hapa kumeandikwa kama nitamsaidia. Nimeisoma mara nyingi. Nitamsaidia."

Nikamwambia namsikia.

Walikuja baada ya miezi mitatu. Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege, na kwenye gari, kabla hatujafika Mabela, niliweka mambo sawa. "Karatasi ya Ufaransa inafika mpaka uwanja wa ndege," nikawaambia. "Kwangu wewe unalala chumbani kwangu, na shemegi analala majilisi, chumba cha wageni. Neno la nikaha likipatikana, nitawahamisha mimi mwenyewe, na mashuka ninayo."

Mdogo wangu alinitazama kwenye kioo kama anataka kubishana. Shemegi akawahi. "Majilisi kuna eyakondishan?"

"Ipo."

"Basi mimi sina neno."

Tukacheka mpaka nikakosa njia ya kutokea.

Walikaa siku kumi. Ndugu yangu alikuja na mkewe na watoto, mzee jirani akaja kula na kulalamika kwamba biriani aliyoishuhudia mbele ya serikali imechelewa. Kwa Ami walikwenda kumwamkia, kama inavyopasa. Aliwapokea, akampa shemegi kahawa kwa mkono wake, hakugusia lolote. Neno bado hajalitoa. Mimi kila Ijumaa alasiri nakwenda kukaa naye, tunazungumza magoti yake na bei ya samaki, na kabla sijaondoka namuuliza. Ananiambia bado. Namwambia Ijumaa ijayo, inshaallah. Sina wasiwasi. Nimewahi kusubiri mambo makubwa zaidi ya hilo, na yalikuja.

Siku mbili kabla ya kurudi kwao nilikuwa na harusi Qurum. Mpishi msaidizi wangu aliumwa, nikabaki peke yangu na masinia yale yote. Mdogo wangu akafunga kanga kiunoni, kitu ambacho nilikuwa sijamwona akikifanya tangu aondoke. Shemegi akabeba. Tulipofika mlango wa nyuma wa ukumbi alipandisha mikono ya kanzu aliyoazimwa na mzee, akawa anapita na masinia mawili mawili, jasho linamtoka, anawaomba watu njia kwa Kiswahili chake cha polepole.

Mama wa bibi harusi aliingia kukagua, kama wanavyoingia wote. Alikuwa na shangazi zake wawili nyuma, na mmoja wao anakaa mtaa mmoja na Ami. Wakasimama.

"Huyu nani?" mama wa bibi harusi akaniuliza, kidevu kimemwelekea shemegi.

Najua maswali ya jikoni. Yanaulizwa hapa, yanaliwa ukumbini, asubuhi yameshafika Sib. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, na nilisikia kijiko chake kimetulia kwenye sufuria. Angeweza kusema mwenyewe. Alikuwa ananingojea mimi.

"Shemegi yangu," nikasema. "Mwenziwe mdogo wangu, huyu hapa."

"Ahaa! Hongera! Harusi lini, mbona hatukupata kadi?"

"Hakukuwa na harusi. Wameandikiana huko kwao Ufaransa. Mimi ndiye niliyewapelekea karatasi."

Shangazi mmoja akavuta mtandio. "Bila ya walii?"

"Nikaha inasubiri neno lake, naye analifikiria. Mengine nimeyasimamia mimi. Nimeridhika naye, na nimeridhika nao wote wawili." Nikafunua sinia la kwanza, mvuke ukatoka. "Tazama wali wako, mama. Umeshikana?"

Akatazama. Haukushikana. Wali wangu haushikani.

Walipotoka, mdogo wangu alikuja akasimama ubavuni pangu. Macho yake sikuyatazama, maana ningelia, na kulikuwa na kazi.

"Dada," akasema polepole. "Ndiyo hiyo radhi?"

"Ndiyo hiyo. Shika sinia, kabla halijapoa."